Dada Yake Myron

Blanketi la mwisho lilikuwa bado mezani, ncha moja ya nyota haijashonwa, Myron alipoingia bila kubisha na kusimama karibu na jiko la kuni kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Vua kofia, ukae," Arlette alimwambia bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Kahawa ipo. Ila kama umekuja kuniharakisha, nitakuchoma na hii sindano."

"Sijaja kukuharakisha, dada."

"Basi umekuja kula."

Myron alicheka kidogo, lakini kofia hakuivua. Arlette akaona, akasimamisha cherehani.

Zilibaki siku tano kabla ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama yao, Geneva, afariki. Kwetu Plum Creek, kijiji cha Walakota, wenyeji asilia wa Marekani, mwaka ukitimia, familia ya marehemu hulisha watu, hufutwa machozi, kisha huwagawia watu vitu: sufuria, mashuka, shali, na juu ya yote mablanketi ya nyota. Asiye na mablanketi hugawa taulo, na watu hushukuru vilevile. Lakini Arlette alisema kaburini kwamba kwa mama yake hazitagawiwa taulo. Mwaka mzima alikuwa ameinama pale dirishani, akikata vipande vidogo vya kitambaa na kuviunga kimoja kimoja, kutoka kitovu cha nyota hadi nchani. Mablanketi thelathini na mawili. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeota sugu, na mgongo ulikuwa hauamki asubuhi mpaka aubembeleze.

"Ukumbi wa shule umefungwa," Myron alisema. "Paa limevuja, wanasema si salama. Nimeongea na Mchungaji Hollis, atatupa ukumbi wa kanisa."

"Vizuri. Una jiko kubwa."

"Ndiyo. Ila ana wasiwasi kidogo."

"Wasiwasi wa nini?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

Myron alikitazama kikombe ambacho hakuwa amekijaza. "Juu yako, dada. Anasema lile ni kanisa, kuna watoto. Nimemwambia wewe ni mtu wa heshima, umemuuguza mama miaka mitatu. Akasema hana neno na kuuguza."

Arlette alizaliwa na mwili wa kiume, na daftari la serikali lilimwandika Arlen. Tangu hajang'oa meno ya utoto alikuwa upande wa wasichana, katika michezo, katika kazi, katika namna ya kuketi, na Geneva hakumvuta arudi. Mtu akiuliza, Geneva alijibu, "Nina watoto wawili. Mkubwa binti, mdogo wa kiume," kisha anaendelea kumenya viazi. Wazee wetu sisi Walakota walikuwa na neno kwa watu wa namna hiyo, winkte, na walikuwa na nafasi yao kambini kama mganga au mwimbaji alivyo na yake. Vijana siku hizi husema watu wa roho mbili. Myron yeye hakuhitaji neno lolote. Alipoanza kusema alimkuta dada, akamwita dada, na kwa miaka arobaini na tisa hakuwahi kumwita vingine.

Lakini mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa baraza la kabila, na Myron alikuwa anagombea kiti cha wilaya. Waumini wa Hollis walikuwa wengi, na walipiga kura kama wanavyoimba, kwa sauti moja.

"Sasa anataka nini?" Arlette aliuliza.

"Usikae mbele na familia. Ukae jikoni, na wapishi. Kuongea nitaongea mimi. Kila mtu anajua nani ameshona."

"Kama kila mtu anajua, najificha nini?"

"Si kujificha, dada. Ni siku moja tu."

"Ulinipigia simu nikiwa mjini Rapid City, Myron. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na chumba changu. Ulilia kama mtoto. Ulisema, dada njoo, mama hataki mke wangu Charlene amwogeshe, anakutaka wewe."

"Najua."

"Sisemi ili ujisikie vibaya. Nasema ili ujue unaongea na nani."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Myron alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili mfukoni, lakini pale aliposimama alikuwa na uso uleule wa mtoto aliyevunja sahani akasubiri dada yake aseme kwamba yeye dada ndiye aliyevunja. Na dada yake, kama zamani, akasema.

"Haya. Nitakaa jikoni. Mama mwenyewe alipenda jiko. Lakini ukishika kipaza sauti, utanitaja."

"Nitakutaja. Naapa, dada."

Ndipo alipovua kofia, akanywa kahawa, akala na mkate.


Siku mbili baadaye Charlene, mke wa Myron, alikuja na gari kuchukua mablanketi. Mezani alikuwepo pia Delphine, mdogo wake Geneva, mama yao mdogo, aliyekuwa akija karibu kila siku kunywa mchuzi wa nyama kavu na kulalamika kwamba hauna chumvi.

"Jamani, wifi!" Charlene alisema, akigusa nyota ya rangi ya machungwa. "Mikono gani hii? Mimi hata kifungo cha shati la Myron kinanishinda."

"Ndiyo maana anatembea kifua wazi kama mcheza sinema," Arlette alisema, na wote watatu wakacheka, Delphine hadi akakohoa.

Walibeba mablanketi mpaka yakaisha. Kisha Charlene akarudi ndani na mfuko wa plastiki, akauweka juu ya kiti, akaupapasa kana kwamba kuna paka ndani.

"Myron amesema nikuletee hivi. Vitakutosha. Nimevipiga pasi."

Arlette alifungua. Suruali nyeusi na shati jeupe la kiume.

"Hivi ni vya nini?"

"Kwa siku ile tu, wifi. Kwa sababu wakati wa kubeba vyakula utaonekana dirishani."

"Nimemzika mama yangu nimevaa sketi. Wewe ulikuwepo. Ulinifunga shali mwenyewe."

"Ile ilikuwa uwanjani kwetu, haikuwa kanisani." Masikio ya Charlene yalikuwa mekundu. "Si mimi niliyesema. Mimi nimetumwa nguo."

Arlette akamgeukia Delphine. Delphine alikuwa mtu pekee aliyebaki duniani aliyempokea siku aliyozaliwa, mtu ambaye kauli yake Myron asingeweza kuipita. "Mama mdogo, umesikia?"

Delphine alichota mchuzi, akapuliza kijiko muda mrefu kuliko mchuzi ulivyokuwa na moto.

"Ni siku moja tu, mwanangu," alisema.

Upepo ulipenya mlangoni, na ule mfuko wa plastiki ulilia juu ya kiti. Arlette aliukunja vizuri, suruali ndani, shati juu, akamrudishia Charlene.

"Mwambie nitakaa jikoni nilivyo. Na dirishani sitakaa. Ila nguo za Myron avae Myron."


Ukumbi ulijaa kabla ya saa sita mchana. Watu walitoka kila upande wa ardhi iliyotengewa kabila letu, wengine walikuwa wameendesha tangu alfajiri. Jikoni Arlette alikuwa amesimama mbele ya karai la mafuta akigeuza mikate, amevaa sketi yake ya utepe wa zambarau na aproni ya mama yake. Pembeni yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa, alikaa Tashina, binti wa Myron, mwenye mimba ya miezi saba, akikoroga wojapi, rojo tamu la matunda ya porini, kwenye sufuria kubwa na kuionja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Shangazi, nenda ukae mbele. Mimi nitamaliza hii."

"Wewe ukimaliza hii hakuna mwingine atakayekula. Weka mwiko chini."

"Ni ya mtoto."

"Mtoto ameshaomba mara tano."

Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha la kupitishia sahani. Arlette alikaa upande kama alivyoahidi, lakini masikio hayana upande. Alisikia sala ya Hollis, ndefu, yenye Geneva mmoja na Yesu wengi. Alisikia ngoma na wimbo wa kumkumbuka marehemu, na mikono yake ikasimama juu ya unga mpaka wimbo ulipoisha. Kisha kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Myron ikaja.

Alianza vizuri. Alimsema mama yao kama alivyokuwa, mkali, mcheshi, mwenye kuficha peremende ndani ya Biblia. Watu walicheka, wengine walilia. Kisha akasema:

"Haya mablanketi mnayoyaona hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka mzima mke wangu Charlene na akina mama wa kanisa wamekesha wakishona, ili mama yangu aheshimiwe. Charlene, simama watu wakuone."

Tashina aliacha kukoroga. "Baba amesema nini?"

Arlette aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa bado anasubiri. Myron alikuwa ameapa, na pengine kutajwa kwake kulikuwa mwishoni, mahali pa heshima.

"Na mama yangu ametuacha wawili tu," Myron aliendelea. "Mimi, na kaka yangu mkubwa, Arlen. Kaka yuko kule nyuma anasaidia wapishi. Tunamshukuru."

Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Vijiko viliguswa, mtu alikohoa, na macho ya wale waliomfahamu yalitazama sahani. Kisha mpiga ngoma akaanza wimbo wa kumheshimu Charlene, na watu wakapanga mstari kwenda kumpa mkono, kama ilivyo desturi.

Arlette aliutoa mkate uliokuwa kwenye mafuta, kwa sababu ungeungua. Akazima jiko. Akatoka kwa mlango wa ukumbini na kusimama mwisho wa mstari, unga mikononi, aproni kiunoni.

Mbele yake mstari ulisogea polepole. Bibi Philomene, mshonaji wa zamani ambaye vidole vilikuwa vimepinda, alikuwa ameshapewa blanketi la machungwa pale mbele na hakutaka kuondoka bila kuliulizia.

"Hapa kitovuni palivyolala!" alimwambia Charlene. "Mishono uliipiga pasi kwenda upande gani, ndani au nje?"

"Ndani," Charlene alisema. Kisha akasema, "Nje. Ilitegemea."

Bibi Philomene alimtazama, akaligeuza blanketi upande wa nyuma, akalitazama na lenyewe. Akalikunja, akaondoka.

Zamu ya Arlette ilifika. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Hollis alikuwa amesimama nyuma ya Charlene, anatabasamu kama watu wa picha.

"Hongera kwa kushona, wifi," Arlette alisema.

Charlene aliangalia ule mkono wenye unga. Aliangalia kushoto, kwa mumewe, na nyuma, kwa mchungaji. Kwa nukta moja ilikuwa kama atasema kitu kingine.

"Asante," alisema. "Asante, shemeji."

Meza ya tatu alikaa Delphine. Aliinamia bakuli, anakula.

Arlette alipita katikati ya ukumbi mpaka mlango mkubwa wa mbele, akausukuma. Jua la mchana lilimpiga machoni. Alikuwa amefika kati ya magari aliposikia viatu vya Myron vikikimbia kwenye changarawe.

"Dada, ngoja. Dada!"

Aligeuka. "Umeniita nani kule ndani?"

Myron alikuwa anahema. Alitazama nyuma kuona kama mlango umefungwa.

"Nilikutaja," alisema. "Si uliniambia nikutaje?"


Myron alishinda kiti. Alituma ujumbe wa simu, kisha akatuma ndoo ya nyama ya nyati kupitia kwa jirani. Arlette aliipeleka kwa Bibi Philomene. Cherehani aliifunika. Asubuhi alipasua kuni, mchana alitazama barabara, na watu waliopita walipunga mkono kwa bidii kuliko zamani, kama wanavyowapungia waliofiwa. Wengine walikuja wakasema, "Tulijua ni wewe uliyeshona." Aliwapa kahawa. Hakuna aliyeeleza kwa nini hakusema siku ile.

Wiki ya sita baada ya ile kumbukumbu, Tashina alijifungua, kabla ya wakati. Mtoto wa kiume. Baada ya siku nyingi za hospitali walimruhusu mtoto arudi nyumbani, lakini alikuwa haongezeki uzito, analia kama paka wa mbali, kisha hata kulia akaacha. Daktari alisema wasubiri. Hollis alisema waombe. Delphine, aliyekuwa amekaa kwa Myron wiki nzima, alisema jambo lingine.

"Mtoto huyu apewe jina na winkte. Jina lao humshika mtoto asiondoke. Wewe mwenyewe Myron ulitaka kufa ukiwa hivi, Geneva akakupeleka kwa mzee mmoja wa kule ng'ambo ya mto, mtu kama dada yako. Ndiyo maana una hicho kitambi leo."

"Mama mdogo, mambo hayo—"

"Mambo hayo yamekuleta hapo ulipokaa."

Myron alikwenda jioni hiyohiyo, jua bado lipo. Gari aliliacha nyuma ya zizi la jirani, akazunguka, akabisha mlango wa uani, na Arlette alipofungua alimkuta ameshika tumbaku iliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Kwetu huombi kitu kikubwa bila hiyo, na ukiipokea umekubali.

"Dada," alisema. Macho yalikuwa mekundu kweli. "Mtoto anaisha."

"Nimesikia. Mbona umepita nyuma?"

"Nilidhani uko huku."

"Miaka yote milango yangu ni miwili, na wewe hujawahi kuujua huu."

Myron akasema haraka, kama mtu anayesoma: angemleta mtoto kimya kimya, yeye na Tashina tu, Arlette ampe jina sikioni, dakika mbili, hakuna haja ya watu, wala chakula, wala Charlene kujua, maana ameshakuwa shemasi, na Hollis—

"Kwa hiyo huku uani mimi ni dada," Arlette alisema. "Kule kwenye kipaza sauti mimi ni kaka. Hili jina nitampa nikiwa nani, Myron? Maana kaka yako Arlen hana jina la kumpa mtu. Hajawahi kuwepo."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Kukosea ni kumwita mtu jina la mwenzake. Wewe uliangalia faida, ukaniuza, tena ukaniapia kwanza."

Myron aliendelea kunyoosha mkono wenye tumbaku. Arlette aliutazama muda mrefu, na alitamani, Mungu ni shahidi, kufunga ule mlango. Lakini aliipokea.

"Mtoto hajanikosea kitu. Jumamosi asubuhi, mlango wa mbele. Tashina amlete mwenyewe. Na kila atakayeingia ndani atamwambia mtoto, kwa mdomo wake, mimi ni nani. Asiyeweza asiingie."


Jumamosi Tashina alipita barabara kuu na gari lake bovu linalosikika kabla ya kuonekana, akaegesha mbele kabisa. Mtoto alikuwa ndani ya shali, uso mdogo kama ngumi. Delphine aliteremka akishika mlango. Bibi Philomene alikuja kwa miguu na majirani wawili. Nyuma yao, ng'ambo ya barabara, gari la Myron lilisimama, injini inanguruma.

Tashina aliingia wa kwanza. "Mwanangu," alimwambia mtoto, "huyu ni shangazi yangu. Kwako ni bibi." Na akalia, ingawa alikuwa amejiapiza hatalia.

Bibi Philomene alisema, "Huyu ni bibi yako, na ndiye aliyeshona blanketi langu."

Delphine alisimama kizingitini. Hakumtazama mtoto, alimtazama Arlette.

"Utotoni, kwenye shule ya misheni, masista walitukata nywele," alisema. "Neno la watu kama wewe walilitoa midomoni mwetu kwa fimbo. Mpaka leo nikimwona mtu wa kanisa amesimama, mdomo wangu unajifunga wenyewe. Siku ile nilikuwa nakula, mwanangu. Nilikusikia ukipita."

"Najua, mama mdogo. Nilikuona."

"Utanisamehe?"

"Ingia kwanza, baridi inampiga mtoto."

Delphine aliinama juu ya shali. "Huyu ni binti wa dada yangu," alimwambia mtoto. "Nilimpokea kwa mikono hii."

Arlette alitoka hadi kibarazani. Myron alikuwa ameshusha kioo. Barabarani magari mawili yalikuwa yanakuja, na moja lilikuwa na kibandiko cha kanisa.

"Utaingia?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida, kama zamani alipomwita kula.

Myron alitazama yale magari. "Nipo hapahapa, endeleeni tu," alisema. Hakutia neno jingine mwisho wake. Wala dada, wala kaka.

Arlette alisubiri hadi magari yalipopita. Kisha akaingia na kufunga mlango.

Yaliyofanyika ndani ni ya waliokuwemo. Mtoto alipewa jina, akaambiwa maana yake, akala siku ile kidogo, na kesho yake zaidi. Madaktari wana maelezo yao. Sasa ana miaka minne, anakimbiza kuku wa watu, na kwa bibi yake Arlette huingia kwa mlango wowote autakao. Mablanketi Arlette anashona tena, ila kwa ajili ya Myron hajashona. Wakikutana dukani husalimiana. Myron humwita "dada" tena, hata mbele za watu, sasa ambapo hakuna uchaguzi. Naye huitika, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini hasimami kuzungumza.

Jioni ya Jumamosi ile Myron alimuuliza binti yake mtoto ameitwa nani. Tashina alisema jina lile alilisikia aliyeingia ndani, na asiyeingia akamwombe mwenye kulitoa. Mpaka leo Myron hajaenda kuomba. Nyumbani kwake, babu akiingia, watu hushusha sauti na mtoto huwa "bwana mdogo" tu; na mtoto mwenyewe, akiulizwa na babu yake anaitwa nani, hucheka na kukimbia.